Diski inasema imejaa GB 104, nikihesabu mwenyewe napata GB 23. GB 81 ziko wapi?

fundi_mitambo · Jumatano, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hii ni siku ya tatu nahangaika na jambo moja na nimefika ukutani.

Mimi ni fundi wa redio ya jamii huku Kilwa. Kompyuta ya studio inaendeshwa na Debian (mfumo wa Linux), ina diski ya SSD ya GB 120. Inapiga nyimbo na jingo, inarusha matangazo kwenye intaneti, na inarekodi kila kinachokwenda hewani kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku. Rekodi haziingii kwenye SSD. Zinaingia kwenye eksteno (diski ya nje) ya TB 2 iliyopachikwa kwenye folda ya /srv/rekodi. Mpangilio huu umefanya kazi zaidi ya mwaka bila shida.

Jumatatu alfajiri mtangazaji wa zamu alinipigia simu. Orodha ya nyimbo haifunguki, kompyuta inaandika kwamba nafasi imeisha. Akaizima, akaiwasha, ikawaka, matangazo yakaendelea. Nilipofika nikakuta SSD imejaa hadi pomoni. df, amri ya kupima nafasi ya diski, inasema hivi:

df -h /
Ukubwa 109G, zimetumika 104G, zimebaki 0, asilimia 100.

Basi nikaanza kutafuta nani kala nafasi:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Jumla naletewa 23G. Nyimbo na jingo GB 14, mfumo wenyewe kama GB 6, mabaki mabaki. Hakuna folda hata moja ya kutisha. GB 81 hazionekani.

Nilichojaribu: apt clean, nikapata chini ya GB 1 na ikajaa tena hapo hapo. Halafu nikakuta logi (faili la kumbukumbu) ya programu ya kurusha intaneti ina GB 2.1, nimeiacha inakua tangu tulipofunga mashine. Nikaifuta. df haikusogea hata kidogo! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nimefuta GB 2 kwa mkono wangu na mashine inasema bado zimo.

Ninachoogopa ni SSD kufa. Redio hii haina fedha ya kununua nyingine mwezi huu.

nyaya_na_mawimbi · Jumatano, saa 3:05 usiku

Mkuu usijichoshe. Beba nyimbo zako kwenye flashi, futa SSD yote, funga mfumo upya. Saa mbili umemaliza, asubuhi unaingia hewani na diski nyeupe.

dada_wa_seva · Jumatano, saa 3:20 usiku

Kaka, tafadhali usifute chochote kwanza. Nafasi iliyojaa ina maana kuna data mahali fulani, na hujui bado ni data gani. Ukisafisha leo utapata diski tupu na hutajua kamwe ulichokitupa, na chanzo kikiwa hai utarudi hapa baada ya wiki mbili na swali hili hili. Naandika haya kwa nguvu kwa sababu niliwahi kumsaidia mtu aliyefuta kwanza akauliza baadaye, na hatukuweza kumrudishia.

SSD yako haifi. SSD inayokufa hulalamika kwa makosa ya kusoma na kuandika, haijazi mahesabu. Ukitaka utulivu wa moyo endesha sudo smartctl -a /dev/sda uone, ila mimi naamini utaikuta nzima.

Sasa tuje kwenye kazi. df na du haziulizi swali moja. df inauliza mfumo wa faili wenyewe: vibloku (vipande vya nafasi) vingapi vimeshikwa? du inatembea folda kwa folda, inapima kila faili lenye jina linaloonekana. Zikipishana sana, kuna vitu vimeshika nafasi lakini du haiwezi kuvifikia kwa kutembea. Kwa hiyo swali lako ni hili: vitu gani havifikiki kwa miguu?

La kwanza umeshalikanyaga mwenyewe bila kujua, ile logi. Kwenye Unix jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Jina limeandikwa kwenye folda, faili lenyewe ni inodi (rekodi yake ndani ya diski) na vibloku vyake. Amri ya rm inafuta jina. Vibloku vinaachiwa pale tu jina la mwisho limeondoka na hakuna programu iliyolishika faili wazi. Ni kama kumfuta mtu kwenye daftari la mtaa na yeye bado yumo ndani ya nyumba, mlango kaufunga. Anayepita na daftari hamwoni. Mwenye kuhesabu nyumba zilizo na watu anamhesabu.

Programu yako ya kurusha intaneti bado imelishika lile logi na inaendelea kuliandika. Hakikisha:

sudo lsof +L1

Hiyo inaorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo hayana jina tena. Tuletee majibu.

mwalimu_tehama · Jumatano, saa 3:31 usiku

Naunga mkono dada. Nyongeza ndogo wakati unasubiri: endesha pia df -i. Mimi nilihangaika na seva ya shule moja, df ilionyesha diski ina nafasi karibu nusu, lakini kila ukihifadhi kitu inakataa, nafasi imeisha. Kumbe zilizoisha ni inodi. Mfumo wa wanafunzi kuingia na kutoka ulikuwa unatengeneza kijifaili kidogo kila mara na hakuna aliyekifuta. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa kawaida unapata inodi moja kwa kila baiti 16,384, kwa hiyo partisheni ya GB 20 inabeba mafaili kama milioni 1.3 basi. Yakifika hapo hata yawe matupu huongezi jingine.

Kwako sidhani ndilo tatizo kwa kuwa nafasi yenyewe inaonekana imeliwa, ila ni amri ya sekunde moja.

fundi_mitambo · Jumatano, saa 3:58 usiku

Asanteni sana. Dada umenipa usingizi kwenye suala la SSD, smartctl imesema iko sawa.

df -i: inodi zimetumika asilimia 4. Mwalimu hilo tulitoe.

lsof +L1 imetoa mistari michache midogo, na mmoja mkubwa: programu ya kurusha intaneti, namba 1187, imeshika logi ya GB 2.1, na mwisho wa mstari imeandikwa kwamba limefutwa. Kama ulivyosema hasa. Nitaizima na kuiwasha programu hiyo saa 6 usiku tukishafunga matangazo, sitaki kukata wasikilizaji wa nje katikati ya taarifa ya habari.

Lakini hata hizo zikirudi, bado nina GB 79 zimepotea.

Kuna jambo jingine, naona halihusiani lakini niliseme kwa kuwa linaniuma zaidi ya hilo la nafasi. Jana alikuja kijana, mjukuu wa mzee tuliyemhoji Alhamisi iliyopita kwenye kipindi cha wazee. Mzee yule alikuwa nahodha wa jahazi. Alitoka Songo Songo kwa mashua kuja studio, akakaa saa nzima anaeleza jinsi walivyokuwa wakisubiri kaskazi iwarudishe nyumbani na jinsi walivyopakia boriti kutoka delta ya Rufiji, mti kwa mti, na nyimbo za kupakulia akaziimba. Nilikuwa kwenye mixa siku hiyo. Sijawahi kusikia studio imenyamaza vile. Mjukuu anaomba nakala. Nimefungua /srv/rekodi, Alhamisi haipo. Ijumaa haipo. Kuanzia Jumatatu ile hadi Jumapili hakuna faili hata moja, wiki nzima. Rekodi zinaanza tena Jumatatu hii alfajiri. Nimemwambia mjukuu asubiri, na sina la kumpa.

dada_wa_seva · Jumatano, saa 4:06 usiku

Kaka, linahusiana! Usizime mashine, usifute kitu, nijibu maswali matatu:

1. Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu ile rekodi zilipoanza kukosekana?
2. Kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kupachika), mstari wa eksteno una neno nofail?
3. Rekodi zenu ni WAV au MP3, na mnarekodi kwa amri gani?

fundi_mitambo · Jumatano, saa 4:19 usiku

Umejuaje? Ndiyo, Jumapili usiku ile ilinyesha sana, umeme ukakatika kama mara nne. Mlinzi wetu ana maelekezo ya kuchomoa vifaa vyote vya studio umeme ukianza kucheza, na alifanya hivyo.

Ndiyo, nofail ipo. Niliiweka mwenyewe ili kompyuta isigome kuwaka eksteno ikiwa haipo.

WAV. Skripti inaita arecord -f cd -d 3600 kila saa, faili moja kwa saa moja. Folda ya /srv/rekodi niliitengeneza kabla hatujanunua eksteno, nikampa mtumiaji wa studio ruhusa ya kuandika humo.

dada_wa_seva · Jumatano, saa 4:41 usiku

Sasa fanya hesabu na mimi. -f cd ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Hiyo ni baiti 176,400 kila sekunde, mara sekunde 3,600 ni baiti 635,040,000, na kichwa cha WAV baiti 44. Kwa vipimo vya df ni MB 605 na ushee kwa saa. Mko hewani saa 19 kwa siku. Siku saba ni saa 133. Zidisha: GB 78.7.

Umepoteza GB 79. Na umepoteza rekodi za wiki moja.

Nadhani ilikuwa hivi. Mlinzi alichomoa vyote, akachomeka kompyuta asubuhi, ila adapta ya eksteno ina plagi yake pekee na haikurudi ukutani. Kompyuta ikawaka, ikaitafuta diski, haikuiona, na kwa kuwa kuna nofail ikaendelea. /srv/rekodi ikabaki folda ya kawaida ndani ya SSD, tena yenye ruhusa ya kuandika. Skripti haikujua tofauti. Ikarekodi wiki nzima juu ya SSD mpaka ikajaa, Jumapili usiku. Jumatatu mtangazaji akazima akawasha, na safari hii eksteno ilikuwa na umeme, ikapachikwa juu ya folda ile ile.

Kupachika diski juu ya folda ni kutandika mkeka sakafuni. Kilichokuwa sakafuni hakijaenda popote, kiko chini ya mkeka. Ukiingia chumbani unaona mkeka tu. du inatembea juu ya mkeka. df inapima sakafu.

Tufunue bila kuutoa mkeka, ili kurekodi kusikatike:

sudo mkdir /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
sudo du -xh --max-depth=2 /mnt/chini | sort -h

Kwa --bind unapata mlango wa pili wa kuingilia SSD hiyo hiyo, na diski nyingine zilizopachikwa juu yake hazifuati. Kwa hiyo /mnt/chini/srv/rekodi utakayoiona ni ile ya sakafuni. Angalia tu. Usifute.

fundi_mitambo · Jumatano, saa 4:52 usiku

79G /mnt/chini/srv/rekodi

Zipo. Mafaili 133. Yote 132 ya mwanzo yana baiti 635,040,044 kila moja, sawasawa na hesabu yako hadi baiti ya mwisho. La 133 ni la Jumapili saa 5 usiku na limekatika katikati, hapo ndipo SSD ilipojaa.

Nimefungua la Alhamisi saa 10 jioni. Mzee anakohoa kidogo, anauliza kama hii maiki inasikia, halafu anaanza. Nimekaa nimesikiliza dakika chache za mwanzo, ndiyo maana nimechelewa kuwaandikia.

Dada, Mungu akubariki. Ningefuata ule ushauri wa kusafisha diski, sauti hii ingekuwa imekwenda.

nyaya_na_mawimbi · Jumatano, saa 5:03 usiku

Nimesoma yote. Ndugu yangu samahani, ule ushauri wangu ulikuwa mbaya na nimejifunza hapa. Sikuwahi kujua kwamba folda inaweza kuwa na vitu chini ya diski iliyopachikwa. Nina seva mbili za wateja, kesho nazipima kwa hiyo --bind.

dada_wa_seva · Jumatano, saa 5:10 usiku

Nimefurahi mno kuhusu mzee. Sasa twende polepole, hapa ndipo watu hupoteza vitu kwa furaha.

Usihamishe kwa mv. Nakili kwanza, kwenye folda ya peke yake ili usigongane na rekodi mpya:

sudo rsync -a --progress /mnt/chini/srv/rekodi/ /srv/rekodi/wiki-ya-chini/

Ikiisha, linganisha yaliyomo, si majina na ukubwa tu:

sudo rsync -rvnc /mnt/chini/srv/rekodi/ /srv/rekodi/wiki-ya-chini/

Herufi n ni ya kujaribu bila kuandika, c ni ya kusoma kila faili pande zote mbili. Isipotaja faili lolote, nakala ni sahihi. Hapo ndipo ufute yaliyo ndani ya /mnt/chini/srv/rekodi, na usome njia hiyo mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa maana /srv/rekodi yenyewe ni eksteno yako yenye miezi ya kazi. Ukimaliza, sudo umount /mnt/chini. Usiiache imepachikwa, kuna siku mtu atafuta kitu humo akidhani ni nakala tu.

Kipindi cha mzee kiweke pia mahali pa tatu, usiku huu.

fundi_mitambo · Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Ripoti. Kunakili kumechukua dakika arobaini na kitu, tundu la USB la mashine hii ni la zamani. rsync ya kulinganisha haikutaja faili hata moja. Nimefuta, nimeitoa /mnt/chini. Saa 6 usiku niliizima na kuiwasha programu ya kurusha, GB 2.1 za logi zikarudi papo hapo.

df sasa: zimetumika 23G, zimebaki 81G, asilimia 23. du nayo 23G. Kwa mara ya kwanza wiki hii zinasema kitu kimoja.

Nimebaki na swali moja. 109 toa 23 ni 86, kwa nini naambiwa zimebaki 81?

Na asubuhi hii nimeongea na mlinzi. Ni kama dada alivyosema. Adapta ya eksteno iko nyuma ya kabati, kwenye soketi ya peke yake, na taa yake ndogo ya bluu huioni mpaka uchuchumae. Alipochomeka kompyuta na mixa vikawaka, akajua amemaliza. Yule mtangazaji wa Jumatatu ndiye aliyeiona plagi imelala chini alipoinama kubonyeza swichi, akaichomeka bila hata kuniambia. Simlaumu mlinzi, aliokoa mixa yetu usiku ule.

mwalimu_tehama · Alhamisi, saa 2:02 asubuhi

Hizo GB 5 na kidogo ni akiba. ext4 ikitengenezwa kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya vibloku kwa ajili ya root (msimamizi mkuu) peke yake, ili programu za kawaida zikijaza diski, msimamizi na huduma za mfumo bado waweze kuandika. Ndiyo sababu ulipojaa uliona 104 kati ya 109 na bado ikakuandikia zimebaki 0. Unaweza kuipunguza:

sudo tune2fs -m 1 /dev/sda2

Ukiwa nayo imepachikwa inafanya kazi vilevile. Kwenye diski ya mfumo mimi ningeiacha kama ilivyo, imekusaidia mashine iwake Jumatatu. Kwenye eksteno ya TB 2 ni jambo jingine, asilimia 5 huko ni GB 100, hizo ni siku nane za rekodi zenu. Huko ipunguze bila wasiwasi.

dada_wa_seva · Alhamisi, saa 2:30 asubuhi

Mwalimu kamaliza. Imebaki kuzuia isijirudie. Njia ya kawaida: fungia ile folda ya sakafuni isiandikike, kisha iambie huduma ya kurekodi isianze kama diski haipo.

Kufungia, fungua tena mlango wa pili halafu:

sudo chattr +i /mnt/chini/srv/rekodi

Baada ya hapo hata root hawezi kutengeneza faili ndani yake, lakini diski bado itapachikwa juu yake kama kawaida.

Na kwenye faili la huduma, sehemu ya Unit, ongeza mstari:

RequiresMountsFor=/srv/rekodi

Diski isipopachikwa, huduma inakataa kuanza na utaona kosa kwenye journalctl, logi ya mfumo.

fundi_mitambo · Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Dada, la chattr nimelifanya sasa hivi, nimejaribu touch ikakataa, safi. Hilo la pili naomba nisilifuate, na nieleze kwa nini, unikosoe kama nimekosea.

Kama ningekuwa na mstari huo wiki ile, huduma ingekataa kuanza Jumatatu alfajiri. SSD isingejaa. Lakini mzee wa Songo Songo asingerekodiwa. Kosa lililotupa shida ndilo lililotunza sauti yake. Kwa seva ya duka, ni sawa programu ikatae kuanza mpaka mtu aje atengeneze. Kwa redio, saa ikipita imepita, huwezi kumwambia mtu arudie kipindi kwa kuwa diski haikuwa na umeme.

Kwa hiyo nataka irekodi siku zote, ila ijue iko wapi na ipige kelele. Nimeandika hivi kwenye skripti:

if mountpoint -q /srv/rekodi; then
  arecord -q -f cd -d 3600 "/srv/rekodi/$(date +%m-%d-%H%M).wav"
else
  arecord -q -f cd -t raw -d 3600 | lame -r --quiet -s 44.1 -b 128 - "/srv/dharura/$(date +%m-%d-%H%M).mp3"
fi

Diski ikiwepo ni WAV kama zamani. Isipokuwepo inaandika MP3 ya kbps 128 kwenye folda ya dharura ndani ya SSD. Hiyo ni MB 57.6 kwa saa, GB 1.1 kwa siku, kwa nafasi niliyonayo sasa inaweza kwenda zaidi ya miezi miwili kabla ya kujaa. Na kabla ya hapo, skripti nyingine kila alfajiri inaangalia mountpoint na asilimia ya df, ikikuta kasoro inatuma ujumbe kwenye simu yangu na ya mtangazaji wa zamu.

dada_wa_seva · Alhamisi, saa 4:22 asubuhi

Hukukosea. Mimi nilifikiria kama mtu wa seva, wewe umefikiria kama mtu wa redio, na kwa kazi yenu wewe ndiye mwenye haki. Nitaichukua hiyo.

Marekebisho mawili. Ujaribu kweli: leo saa 6 usiku toa eksteno kwa umount, endesha skripti zote mbili kwa mkono, ngoja saa moja, uone kama MP3 imetokea /srv/dharura na kama ujumbe umefika kwenye simu zote mbili. Na hiyo logi ya kurusha intaneti iwekee logrotate (programu ya kupunguza logi kila muda), ukitumia copytruncate, ili faili lipunguzwe mahali lilipo bila programu kupoteza mshiko wake. Vinginevyo mwakani utarudi kwenye lsof.

fundi_mitambo · Ijumaa, saa 1:40 asubuhi

Nimejaribu usiku. MP3 imetokea, inasikika vizuri. Ujumbe umefika kwangu baada ya dakika mbili, kwa mtangazaji haukufika, kumbe niliandika namba yake kwa kukosea tarakimu moja. Nimerekebisha, nimejaribu tena, umefika. logrotate ipo.

Adapta ya eksteno nimeihamishia mbele ya meza, kwenye soketi moja na kompyuta, na nimeibandikia karatasi nyeupe yenye maandishi makubwa: REKODI. Mlinzi amesoma mwenyewe akasema hii sasa hata gizani ataikumbuka.

Mjukuu anakuja leo baada ya swala ya Ijumaa kuchukua flashi. Amesema mzee ameuliza kama tuliipata ile ya kupakulia boriti, maana kuna beti moja aliisahau studio, akaikumbuka akiwa baharini anarudi.